Samaki anayekula matunda ya msitu



Piranya wengi mmemsikia, yule samaki wa Amerika ya Kusini mwenye meno ya kukata nyama. Kumbe ana ndugu yake mpole, anayeitwa tambaki huko Brazil. Wataalamu wanamwita Colossoma. Akikua hufika mita 1 na kilo 30, na mdomoni ana magego mapana karibu kama yetu. Hata mbegu ngumu za mti wa mpira anazipasua!

Sasa matunda anayapata wapi, naye yuko majini? Kila mwaka mto Amazon hufurika. Karibu na mji wa Manaus maji hupanda kama mita 10 na kuingia msituni, yakakaa huko miezi kadhaa. Tambaki naye huingia, akangoja chini ya miti matunda yadondoke. Anakula mpaka ananenepa, kwani maji yakishuka chakula ni haba na ataishi kwa mafuta yake mwenyewe. Mbegu nyingine huzimeza nzima na kuzitoa mbali. Watafiti waliofanya kazi Peru walikadiria mwaka 2011 kwamba anaweza kuzifikisha zaidi ya kilomita 5. Yaani mti unamlisha samaki, na samaki anaupanda mti.

Lakini wenye kubeba mbegu nyingi ni wale wakubwa, na hao ndio wavuvi huwatafuta kwanza. Serikali ya Brazil imekataza kuvua wasiofika sentimita 55. Sheria hiyo haitoshi ikiwa msitu wa kando ya mto unafyekwa kufanywa malisho ya ng'ombe, maana samaki atarudi na mafuriko akute nyasi.

Tambaki anafugwa pia mabwawani. Oksijeni ikipungua majini, mdomo wake wa chini huvimba ili avute maji ya juu juu. Huko Brazil ni wa pili kwa kufugwa, baada ya tilapia.

Je, sisi tumlete? Mimi nasema hapana. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za fulu zikapotea. Bwawa nalo hupasuka mvua ikizidi. Tuna ngege na kambare. Kikundi kikiuziwa vifaranga vya samaki kisichemjua, kiende kwanza kwa afisa wa uvuvi. Na ile mikuyu ya mtoni mnayotaka kuchomea makaa, hebu iacheni kwanza.