Mchana Ofisini, Usiku Kwenye Cherehani

Ukipanda kutoka Tengeru kwenda Akheri, kule kwenye migomba na kahawa, kuna dada mmoja ambaye mchana ni karani mjini Arusha na usiku ni mbunifu wa mavazi. Jina lake nalihifadhi, maana bosi wake hajui. Mchumba wake anajua, na hapo ndipo kwenye mvutano. Dada anataka kuacha ajira ashone tu. Kaka anataka kwanza wanunue kiwanja. Nani yuko sahihi?

Msomaji wangu, kabla hujajibu mtazame Mustafa Hassanali. Alisomea udaktari, lakini jina lake limevuma kwa nguo, na mwaka 2008 alianzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam. Mwaka huohuo Anisa Mpungwe, Mtanzania mwenye lebo ya Loin Cloth & Ashes, alishinda tuzo ya vipaji vipya ya jarida la Elle kule Afrika Kusini. Ukiwaangalia hawa utasema, acha kazi dada, jitose!

Siyo haraka hivyo. Jukwaani gauni linapita dakika moja tu, lakini kodi ya nyumba inalipwa na oda. Na oda za huku kwetu zinafuata sherehe: kicheni pati, sendofu, harusi, kipaimara. Desemba watu wanarudi nyumbani, mafundi hawalali. Januari pesa yote inaenda kwenye ada za watoto, halafu inaingia Kwaresima, harusi zinapungua. Mshahara haujui Kwaresima.

Halafu kuna mtumba. Jumatano na Jumamosi pale soko la Tengeru unapata gauni kwa bei ambayo fundi hawezi kuigusa. Anachoweza kuuza dada yetu ni kile ambacho mtumba hauna: gauni lililokaa mwilini mwako, na sare ya watu ishirini inayofanana na iliyo tayari kabla ya siku yenyewe.

Nilimwomba daftari lake. Kifua, kiuno, nyonga, vyote vimo. Bei ya bitana, zipu, uzi, umeme na nauli? Hakuna, viko kichwani! Tukapiga hesabu pamoja. Gauni la sendofu la shilingi 80,000, mteja akileta kitambaa chake, toa 30,000 za vifaa na nauli, inabaki 50,000 kwa usiku tatu wa kazi. Siyo mbaya, lakini yeye siku zote aliamini amepata 80,000. Hapo ndipo wabunifu wengi wanapozama, na kipaji wanacho.

Na wewe kaka, acha kuita kazi ya mwenzio "kashughuli". Hicho kiwanja mnachokitaka kinaweza kutoka kwenye cherehani hiyohiyo, ila isimamieni wote kama biashara.

Wao wamekubaliana hivi. Dada anabaki ofisini kwa sasa. Kaka ndiye anashika daftari la pili, la pesa. Watapima miezi ile mikavu, Januari mpaka Machi, siyo Desemba. Cherehani ikiingiza nusu ya mshahara katika miezi hiyo mitatu, dada anaandika barua ya kuacha kazi, na kiwanja kitasubiri mwaka mmoja. Isipofika, anaendelea na ofisi na hakuna kununiana.