Peintiboli: Vifaa, Istilahi za Mchezo na Kinga ya Jicho

Peintiboli ni mchezo wa timu ambamo wachezaji hurushiana vidonge vya duara vilivyojaa rangi. Anayepatwa na kidonge kikapasuka juu ya mwili, vazi au kifaa chake huhesabiwa kuwa ametoka. Kwa mkazi wa Mbagala, Tandika, Tegeta au Kawe, mchezo huu waweza kuwa mgeni, na mhudumu wa afya wa zahanati yaweza kupita miaka asimwone mchezaji wake hata mmoja. Hata hivyo, jeraha linaloletwa na mchezo huu si geni. Ni lile lile la kokoto lililotoka katika manati, na la gololi ndogo ya plastiki iliyotoka katika bastola ya mchezo aliyonunuliwa mtoto wakati wa sikukuu: kitu kidogo, chenye mwendo mkali, kinachopenya hadi jichoni.

Makala haya yanaeleza vifaa vya mchezo huo na maneno yake. Yamekusudiwa kumfaa mchezaji ili ajilinde, na mhudumu wa afya ili aelewe anachosimuliwa na majeruhi.

Asili ya mchezo

Kifaa cha kwanza cha kurushia rangi hakikuundwa kwa ajili ya mchezo. Kilitumiwa Marekani na watu wa misitu kutia alama miti, na wafugaji kutia alama ng'ombe wakiwa mbali. Tarehe 27 Juni 1981, watu 12 walikutana katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, wakakitumia kifaa hicho katika shindano la kukusanya bendera. Aliyeshinda alikuwa mtu wa misitu ambaye alizikusanya bendera zake zote bila kurusha hata kidonge kimoja. Habari hiyo inatukumbusha jambo ambalo wachezaji wapya husahau: shabaha ya mchezo ni kutwaa bendera au kuvuka uwanja, wala si kumuumiza mwenzako.

Vifaa na kazi zake

Kirushio. Wachezaji wengi hukiita maka, yaani kitia-alama, na waendeshaji makini wa mchezo hawapendi kiitwe bunduki. Jina hilo lina maana, kwani mtu anayeamini ameshika kitia-alama hukishika kwa namna nyingine kuliko anayeamini ameshika silaha. Hata hivyo, kanuni ya kukishika ni moja: usikielekeze kwa mtu aliye nje ya mchezo, na usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla ya refa kuruhusu.

Kidonge cha rangi. Ganda lake ni jelatini, kama lile la vidonge vya mafuta ya samaki vinavyouzwa katika maduka ya dawa. Ndani yake mna kimiminika kizito kinachoyeyuka katika maji na rangi isiyo ya mafuta. Kipenyo cha kidonge cha kawaida ni milimita 17 hivi, na uzito wake ni gramu 3 hivi. Rangi yenyewe si sumu kali, na nguoni hutoka kwa maji na sabuni. Kwa kuwa jelatini yaweza kutokana na ngozi au mifupa ya nguruwe au ng'ombe, mchezaji ambaye dini yake inamzuia ana haki ya kuuliza asili yake kabla ya kucheza.

Unyevu wa pwani hulilainisha na kulivimbisha ganda. Kidonge kilichookotwa chini au kilichoachwa wazi tangu jana hupasukia ndani ya mtutu au huenda upogo. Kisitumiwe. Pia ni mwiko kuvigandisha vidonge kwa barafu ili viwe vigumu: kidonge kisichopasuka hupeleka nguvu yake yote mwilini mwa aliyepigwa.

Hopa. Hiki ni kibweta kinachokaa juu ya kirushio na kuteremsha vidonge kimoja kimoja. Mchezaji anayesema hopa yake ni tupu ana maana kwamba amekwisha vidonge. Lakini asichukulie kwamba kirushio nacho ni kitupu, kwani kidonge cha mwisho huweza kubaki ndani ya mtutu.

Mtungi wa gesi. Huwekwa hewa iliyoshindiliwa au gesi ya kabonidayoksaidi, ile ile inayotiwa katika soda. Hapa hali ya hewa ya Dar es Salaam inahitaji uangalifu. Katika nyuzi 21 za Selsiasi, shinikizo la kabonidayoksaidi iliyo kimiminika mtungini huwa mara 59 hivi ya lile la hewa ya kawaida. Likifika nyuzi 31, shinikizo hupanda hadi mara 73, na zaidi ya hapo gesi hiyo haiwezi tena kukaa katika hali ya kimiminika. Joto la mchana kati ya Desemba na Machi jijini hupita kiwango hicho mara nyingi. Mtungi ukiachwa juani au ndani ya gari lililofungwa, shinikizo huongezeka, na kirushio kisicho na kidhibiti kizuri hurusha kwa kasi kuliko kilivyopimwa asubuhi. Mtungi ukivuja, gesi inayotoka huwa baridi kiasi cha kuunguza ngozi kama barafu. Kagua tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye mtungi kabla ya kuukubali.

Kipima-mwendo. Hupima kasi ya kidonge kinapotoka mtutuni. Kikomo kinachotumika sana ni futi 300 kwa sekunde, sawa na mita 91, yaani kilomita 329 hivi kwa saa. Viwanja vingi hushusha kikomo hadi futi 280. Kwa sababu ya joto tuliyoitaja, kila kirushio kipimwe kabla ya mchezo na kipimwe tena adhuhuri.

Soksi ya mtutu. Ni kifuko cha kitambaa kigumu kinachofunika mdomo wa mtutu na kufungwa kwa kamba ya mpira. Mchezaji anapotoka uwanjani, soksi huvishwa kwanza, kisha mengine yafuate.

Barakoa. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho bila yake hakuna mchezo. Barakoa ya kweli hufunika macho, uso na masikio, na lenzi yake ni ya polikaboneti iliyojaribiwa kwa ajili ya mchezo huu. Kiwango cha Marekani kinachotajwa kwenye barakoa nyingi ni ASTM F1776. Miwani ya jua, miwani ya fundi wa kuchomelea, miwani ya kuogelea na helmeti ya bodaboda haziwezi kuchukua nafasi yake. Lenzi iliyopata ufa, au iliyopigwa kwa karibu, ibadilishwe. Isafishwe kwa maji safi na kitambaa laini, isiguswe na petroli wala spiriti.

Istilahi za uwanjani

Eneo salama ni mahali palipotengwa kwa wavu ambapo barakoa yaweza kuvuliwa. Nje ya eneo hilo, mchezo uwe unaendelea au umesimama, barakoa haivuliwi. Ngome ni kizuizi cha kujificha, kiwe gurudumu, pipa au mfuko wa hewa. Kurusha kipofu ni kutoa mtutu nje ya ngome na kufyatua bila kuona unakolenga, jambo linalokatazwa. Kumimina ni kuendelea kumrushia mtu ambaye amekwisha kupatwa. Kujisalimisha ni kanuni ya kumpa nafasi ya kutoka mpinzani uliyemkuta mita chache tu mbele yako, badala ya kumpiga kwa karibu. Aliyepatwa huinua mkono juu na kusema kwa sauti, "Nimetoka!"

Neno la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mchezaji yeyote akiona mwenzake hana barakoa usoni, hupaza sauti, "Barakoa!", na wote huacha kurusha papo hapo bila kusubiri refa. Timu zetu zikubaliane mapema juu ya neno hilo kwa Kiswahili, ili lisikike na kueleweka na kila mmoja.

Kwa nini jicho?

Mpira wa miguu unapompiga mtu usoni, mifupa ya paji na shavu hupokea sehemu kubwa ya pigo, kwa sababu mpira ni mkubwa kuliko tundu la jicho. Tundu hilo lina upana wa sentimita 4 na kimo cha sentimita 3.5 hivi. Kidonge cha milimita 17 hupita katikati yake bila kugusa mfupa na kulifikia jicho lenyewe, ambalo kipenyo chake ni milimita 24 tu. Ukope, hata ukifumbwa kwa wakati, hauwezi kuzuia pigo hilo.

Jicho hubanwa kutoka mbele kwenda nyuma, likatanuka ubavuni. Mishipa midogo ya damu hukatika na damu kujikusanya nyuma ya konea. Lenzi huweza kuteguka, au baadaye kuwa na mtoto wa jicho. Retina huweza kuchanika na kubanduka. Njia za kutolea maji ya jicho huweza kuharibika na kuleta glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hata baada ya miaka. Mara nyingine ukuta wa jicho hupasuka.

Maumivu ya namna hii aghalabu humpata mchezaji aliyevua barakoa kwa muda mfupi tu: imeingia ukungu, au jasho linamsumbua, au amedhani mchezo umekwisha. Katika joto na unyevu wa jiji letu, ukungu ni jambo la kutarajiwa. Chagua lenzi yenye tabaka mbili, ambayo hupunguza ukungu, na ukishindwa kuona, inua mkono utoke. Kutoka mchezoni ni hasara ya dakika chache.

Huduma ya kwanza

Ikiwa rangi imeingia jichoni bila pigo, osha kwa maji safi mengi kwa dakika kadhaa. Ikiwa kuna pigo, usisugue, usibonyeze, usijaribu kulifungua jicho kwa nguvu na usitie dawa yoyote, iwe ya dukani au ya majani. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama kitako cha kikombe cha plastiki kilichokatwa, kilichokaa juu ya mfupa na kubandikwa kwa plasta. Mketishe majeruhi au mlaze kichwa kikiwa kimeinuliwa. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa dawa hizo huweza kuongeza kuvuja damu, parasetamoli yatosha. Ikiwa jicho linadhaniwa kupasuka, asile wala asinywe, maana yaweza kuhitajika upasuaji.

Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anaona vizuri. Retina iliyochanika haina maumivu. Akiona vimulimuli, vidoa vingi vinavyoelea, au kama pazia linateremka, hali hiyo ni ya dharura.

Kwa mhudumu wa afya

Pima uwezo wa kuona wa kila jicho kabla ya jambo jingine, na uuandike. Kama hakuna chati, tumia kuhesabu vidole au kutambua mwanga. Tazama umbo la mboni: ikiwa imevutwa upande mmoja kama tone, au tishu nyeusi imejitokeza, au jicho limenywea, chukulia kwamba limepasuka. Usipime shinikizo lake, usitie marhamu. Weka ngao, zuia kutapika, hakikisha chanjo ya pepopunda, na toa rufaa mara moja.

Ukiona damu imejikusanya mbele ya mboni, uliza habari za selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huo, na wapo wengi zaidi wanaobeba vinasaba vyake bila kujua. Kwa watu hawa, seli zilizojikunja huziba njia za maji ya jicho, shinikizo hupanda upesi, na mshipa wa fahamu wa jicho huumia hata kwa shinikizo ambalo mwingine angelistahimili. Asetazolamaidi, inayotumika kushusha shinikizo, yaweza kuzidisha kujikunja kwa seli, kwa hiyo isitolewe kabla ya kufahamu hali ya mgonjwa. Mweleze pia mgonjwa kwamba damu huweza kuvuja upya, hasa katika siku 5 za kwanza, basi apumzike na arudi kila anapoitwa.

Zahanati na vituo vya afya vya Kinondoni na Temeke vielekeze wagonjwa hawa hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke, au moja kwa moja kwa wataalamu wa macho wa CCBRT, Msasani, na wa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Aliyepona achunguzwe shinikizo la jicho kila mwaka, kwa kuwa glakoma itokanayo na pigo huja kimya.

Neno kwa wazazi

Mtoto wa Keko au Mwananyamala huenda asiingie kamwe katika uwanja wa peintiboli, lakini siku ya Idi au Krismasi atakutana na bastola ya plastiki inayorusha gololi za milimita 6. Bastola hiyo haina refa, haina kipima-mwendo, na huuzwa bila barakoa. Yale yote yaliyoelezwa hapa juu ya tundu la jicho yanaihusu pia. Mnunulie mpira.