Mkono Usiotetemeka

Mkono wa daktari bingwa wa macho, hata akiwa mzoefu na ametulia, hutetemeka kwa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Tumboni au gotini mtetemeko huo hauna madhara. Kwenye retina, utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, unatosha kutoboa mshipa wa damu.

Mwaka 2016, katika Hospitali ya John Radcliffe mjini Oxford, Profesa Robert MacLaren alifanya upasuaji wa kwanza wa roboti ndani ya jicho la binadamu. Alibandua ngozi yenye unene wa sehemu ya mia ya milimita iliyoota juu ya retina. Roboti hiyo, iliyoundwa Uholanzi, haikuamua lolote. Daktari alitazama kwa hadubini na kusogeza kijiti cha kuongozea. Kompyuta ikapunguza mwendo wake, ikachuja mtetemeko, kisha mota saba zikaisogeza ala. Akiachia kijiti, ala husimama palepale.

Kusimama huko ndiko kwenye thamani. Mwaka 2017 mjini Leuven, Ubelgiji, Profesa Peter Stalmans aliingiza sindano ya milimita 0.03 katika mshipa wa retina ulioziba kwa damu iliyoganda. Roboti nyingine iliishikilia humo dakika 10 nzima, dawa ikiyeyusha damu. Hakuna mkono wa mtu unaoweza kutulia hivyo.

Katika upasuaji wa aina hii, akili mnemba ina kazi tofauti na ya roboti: kupima kina. Daktari huitazama retina kutoka juu, hivyo ni vigumu kujua ncha ya sindano iko umbali gani nayo. Kipo kipimo cha mwanga kinachoonyesha tabaka za retina kwa ubavu, kama mkate uliokatwa. Programu iliyofunzwa kwa picha hizo hutambua ncha, hutambua tabaka, hukokotoa nafasi iliyobaki. Ni lazima ifanye hivyo upesi, kwa sababu mgonjwa hupumua na kichwa husogea. Ala iliyotulia tuli ndani ya jicho linalosogea ni hatari kuliko mkono.

Katika jaribio la Oxford lenye wagonjwa 12, matokeo ya roboti na ya mkono yalilingana, na roboti ilichukua muda mrefu zaidi. Kwa kubandua ngozi, basi, mkono stadi unatosha. Roboti inastahili gharama yake pale tu mkono unaposhindwa: kwenye mshipa ulioziba, na katika kudunga tiba ya jeni polepole chini ya retina.