Kufundisha Fasihi na Mazingira katika Darasa Kubwa

Makala haya yanaeleza namna tunavyofundisha mada ya fasihi na mazingira hapa Uganda, katika ukumbi wenye wanafunzi zaidi ya mia mbili na nakala chache za vitabu.

Uhakiki wa kimazingira huchunguza uhusiano wa kazi ya fasihi na ulimwengu wa asili. Istilahi yake ya Kiingereza ilitumiwa na William Rueckert mwaka 1978, na nadharia ikaenea vyuoni katika miaka ya 1990. Mwanafunzi hukariri tarehe hizi kwa urahisi. Kwenye mtihani huorodhesha "uharibifu wa mazingira" baada ya rushwa na ukabila, kisha husonga mbele. Jibu la namna hiyo huweza kuandikwa na mtu ambaye hajafungua kitabu.

Kwa sababu hiyo, tunaanza na matini wala si nadharia. Katika riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, watu waliopoteza makao yao wanahamia Msitu wa Mamba na kuufyeka ili walime. Tunauliza maswali matatu: Nani anakata miti? Anakata kwa nini? Nani anaumia baadaye? Swali la kwanza halina ubishi. La pili hugawanya ukumbi, kwani wapo wanaomhukumu mkulima na wapo wanaosema kuwa njaa haisubiri. Hapo mwanafunzi hutambua kwamba msitu si mandhari tu ya kupambia hadithi, bali unashiriki katika mgogoro.

Baada ya hapo tunawarejesha nyumbani. Mwaka 2007 mpango wa kutoa sehemu ya Msitu wa Mabira kwa kilimo cha miwa ulizua maandamano mjini Kampala, na watu wakafa. Je, anayefyeka kwa ajili ya mahindi ya watoto wake na anayefyeka kwa ajili ya kiwanda wahukumiwe sawa? Wanafunzi hurudi kwenye riwaya kutafuta ushahidi.

Hali kadhalika, tunatumia fasihi simulizi. Miongoni mwa Waganda, kila ukoo una mwiko wake: wa ukoo wa Nsenene hali senene, na wa ukoo wa Mmamba hali kamongo. Mwanafunzi asiye na kitabu anaweza kumhoji bibi yake, akaandika masimulizi hayo kwa Kiswahili na kuyahakiki.

Kuhusu wingi wa wanafunzi, tunawagawa katika makundi ya watu wanane. Kila kundi huandika ukurasa mmoja kuhusu tukio moja na kutaja ukurasa wa kitabu linapopatikana. Kisha tunamteua mwanakikundi yeyote, bila taarifa, autetee mbele ya wenzake. Utaratibu huu unapunguza mzigo wa kusahihisha, na pia unamzuia mtu kujificha nyuma ya jina la kundi.

Jambo hili ni zito. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wengi wa wanafunzi wetu watakuwa walimu. Wakitoka hapa na orodha za dhamira tu, watafundisha orodha hizo hizo. Tunawaalika wenzetu wajaribu maswali haya matatu katika madarasa yao na kutuletea matokeo.