Kusoma Nasaba ya Mlingoti: Jenomu ya Miti ya Karatasi na Maneno Yake katika Kiswahili

Katika Buswelu, makao ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, kama katika sehemu nyingi za Tanzania bara, mti mrefu wenye gome linalobanduka na majani yenye harufu kali una majina mawili. Wengine huuita mkaratusi. Jina hilo latokana na neno eucalyptus, ambalo Mfaransa L'Héritier alilitunga mwaka 1788 kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kitu kilichofunikwa vizuri. Wengine huuita mlingoti, kwa jina lile lile la mti usimamao katika jahazi ili kushika tanga. Jina la kwanza lilikuja pamoja na mti wenyewe kutoka ng'ambo. La pili ni kazi ya wasemaji wa Kiswahili, walioutazama mti mgeni uliosimama wima wakaufananisha na kitu walichokijua.

Njia hizi mbili, ya kukopa na ya kufananisha, ndizo zinazotumika hata leo elimu mpya inapoingia. Na elimu mpya juu ya mlingoti imekwisha kuingia. Wataalamu wa mimea wameweza kupanga kwa utaratibu maandishi yote ya urithi wa mti huo, na kazi hiyo huelezwa katika Kiswahili kwa neno moja jepesi, yaani kusoma jenomu. Yafaa neno hilo lichunguzwe, kwa sababu juu yake hutegemea mkulima ataahidiwa nini.

Karatasi hutokana na nini

Mbao ya mti wowote ina vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni selulosi, nyuzi nyeupe ambazo huwa kama nusu ya uzito wa mbao kavu au pungufu kidogo. Cha pili ni lignini, gundi inayozishika nyuzi hizo na kuupa mti ugumu wake. Mwenye kiwanda ataka nyuzi, hataki gundi. Kwa hiyo mbao hukatwa vipande vidogo, vikapikwa pamoja na dawa kali za sodiamu katika vyungu vikubwa vilivyofungwa, hata lignini ikayeyuka na kubaki rojo la nyuzi. Rojo hilo ndilo linalosafishwa, likatandazwa, likakaushwa, likawa karatasi.

Basi mti mzuri kwa karatasi si ule mrefu tu. Ni ule ambao mbao yake ni nzito, nyuzi zake ni nyingi, na lignini yake ni chache au yayeyuka upesi. Lignini si ya namna moja, na ile yenye sehemu nyingi za aina iitwayo siringili huachana na nyuzi kwa urahisi zaidi. Tena nyuzi za msonobari hufikia milimita 3 hivi, nazo hufaa kwa karatasi ngumu kama ya mifuko ya saruji. Nyuzi za mlingoti ni fupi kuliko nusu ya hizo, nazo hufaa kwa karatasi laini ya kuandikia na kuchapia vitabu.

Katika Tanzania kiwanda kikubwa cha kazi hii kiko Mgololo, wilayani Mufindi. Kilianza kazi mwaka 1985, na misonobari yake hutoka hasa katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Katika bonde la Ziwa Victoria lenyewe kilikuwako kiwanda cha Webuye nchini Kenya, kando ya mto Nzoia unaomimina maji yake ziwani. Kilianzishwa katika miaka ya 1970, kikafungwa mwaka 2009. Mkoa wa Mwanza hauna kiwanda cha rojo, ingawa una mashamba ya miti ya serikali huko Buhindi na huko Rubya katika kisiwa cha Ukerewe. Mlingoti wa Buswelu huishia kuwa nguzo, boriti na kuni.

Uteuzi wa zamani

Tangu zamani aliyetaka mti bora alifanya kama afanyavyo mfugaji. Alichagua miti mizuri, akakusanya mbegu zake, akapanda watoto wake kwa safu, akangoja. Baada ya miaka kadhaa alipima urefu na unene, akatoboa shina apate kipande cha mbao, akapima uzito wake na lignini yake. Waliofaulu walipandishwa wao kwa wao, na kazi ikaanza upya. Kwa milingoti mzunguko mmoja kamili, pamoja na majaribio ya miche inayotokana na vipandikizi, huchukua miaka 12 hadi 18. Mtaalamu aanzaye kazi akiwa kijana huweza kustaafu baada ya kuona mizunguko miwili tu.

Njia ya vipandikizi yajulikana sana Afrika Mashariki. Mwaka 1997 Kenya ilianza kuleta kutoka Afrika Kusini miche ya mchanganyiko wa Eucalyptus grandis, ambayo hukua upesi penye mvua nyingi, na Eucalyptus camaldulensis, ambayo huvumilia ukame. Baadaye Uganda na Tanzania nazo ziliipanda. Kila mche wa namna hiyo ni nakala ya mti mmoja, una urithi ule ule bila tofauti.

Jenomu na maandishi yake

Neno jeni lilitungwa na Mdenmaki Johannsen mwaka 1909, na neno jenomu lilitungwa na Mjerumani Winkler mwaka 1920, ili kutaja jumla ya urithi uliomo katika seli. Urithi huo umeandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T. Mti wa kwanza kusomwa ulikuwa mpopla wa Marekani, mwaka 2006. Mwaka 2014 ilitangazwa jenomu ya Eucalyptus grandis, kazi ya wataalamu wengi wakiongozwa na Alexander Myburg wa Chuo Kikuu cha Pretoria. Ilipatikana kuwa na herufi zipatazo milioni 640 katika kromosomu 11, na jeni 36,376. Mwaka huo huo ilitangazwa jenomu ya msonobari uitwao Pinus taeda, yenye herufi bilioni 22 hivi, karibu mara saba ya jenomu ya mwanadamu.

Mlingoti uliosomwa ulikuwa mti mmoja wa Brazil, nao ulizaliwa kwa chavua ya mama yake mwenyewe. Jambo hili laonyesha mpaka wa neno nasaba. Kwa Waswahili nasaba huhesabiwa hasa kwa upande wa baba, lakini mti huo hauna baba mwingine ila mama yake. Neno vinasaba, lililoundwa kwa kukipa kiambishi cha udogo neno hilo la asili ya Kiarabu, limezoeleka magazetini katika habari za kumtambua mzazi wa mtoto. Lafaa litumike kwa maada yenyewe inayobeba herufi. Jeni na ibaki jina la sehemu moja yenye kazi yake, na jenomu iwe jumla yao na yote yaliyo kati yao. Maneno hayo matatu yakichanganywa, maelezo yote hufifia.

Faida ya elimu hii kwa mwenye kuzalisha miti ni muda. Mwaka 2001 Meuwissen, Hayes na Goddard walieleza njia ambayo kwanza ilitumika kwa mifugo. Hupandwa miti mingi, maelfu ikiwezekana. Kila mti husomwa mahali maelfu katika jenomu yake, na pia hupimwa shambani. Kisha kwa hesabu hutafutwa ni herufi zipi huambatana na mbao nzito, na zipi huambatana na lignini chache. Hesabu hiyo ikipatikana, mche mchanga wa wiki chache huweza kusomwa kutoka jani moja, na thamani yake ikakadiriwa bila kungoja miaka saba.

Kusoma, kubashiri, kufahamu

Hapa ndipo neno kusoma linapohitaji uangalifu. Katika Kiswahili kusoma kuna maana mbili zilizo karibu. Mtoto wa chuoni aliyehitimu msahafu husemwa amesoma, naye kwa kweli aweza kuzitamka herufi zote bila kosa. Lakini maana ya aliyoyasoma huipata baadaye, akikaa mbele ya mwalimu wa tafsiri. Hakuna anayedharau kusoma kwake kwa kwanza, wala hakuna anayekudhania kuwa ni tafsiri.

Kusoma jenomu ni kusoma kwa kwanza. Mashine hutaja herufi kwa mpangilio wake, wala haijui ni ipi inayoupa mti uzito. Hata hesabu iliyoelezwa hapo juu haifahamu maana. Yajua tu kwamba herufi fulani na mbao fulani huonekana pamoja. Kwa hiyo kazi hiyo ingefaa kuitwa kubashiri uzao. Na ubashiri huo huwa na nguvu kwa miti iliyo jamaa ya ile iliyopimwa, ikipandwa katika udongo na mvua inayofanana. Ukihamishwa kutoka Brazil hadi kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, nguvu yake hupungua. Tafsiri ya jenomu haimo ndani ya jenomu. Imo katika miti iliyosimama ardhini, iliyopimwa mmoja mmoja, mahali pale pale itakapopandwa.

Ushahidi wa jambo hili umekwisha kuonekana katika nchi za ziwa. Nyigu mdogo wa asili ya Australia, Leptocybe invasa, aligunduliwa Kenya na Uganda mwaka 2002, na Tanzania mwaka 2005. Hutaga mayai katika majani machanga na vikonyo vya mlingoti, pakatokea vinundu, na mche ukadumaa. Miche kadhaa ya mchanganyiko ule wa Afrika Kusini ilidhurika sana. Ilikuwa imechaguliwa vyema kwa ukuaji, lakini ilichaguliwa mahali na wakati ambapo nyigu huyo hakuwako. Na kwa kuwa kila mche ni nakala ya mwenzake, udhaifu wa mmoja ulikuwa udhaifu wa shamba zima.

Kutokana na hayo yaeleweka kwa nini uteuzi wa neno si anasa ya wanaisimu. Bwana miti akimwambia mkulima wa Buswelu kwamba mche huu jenomu yake imesomwa, mkulima atafahamu kwamba mti umekwisha kujulikana wote, na atautolea ekari yake kwa miaka minane au kumi. Nyigu akija, au mvua ikikosekana, hana njia ya kuirudisha miaka hiyo. Akiambiwa kwamba uzao wa mti huu umebashiriwa kwa kipimo cha miti ya nchi nyingine, atauliza swali lililo sahihi: je, umekwisha kupimwa hapa? Swali hilo ndilo ambalo taasisi za misitu za Afrika Mashariki, ikiwamo TAFORI ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, zina uwezo wa kulijibu. Jenomu iliyosomwa ya mti wa Brazil iko wazi kwa kila mtaalamu duniani, bali vipimo vya miti ya Buhindi, Rubya na Sao Hill haviwezi kuchukuliwa na mtu yeyote asiyekwenda huko.

Kwa hiyo maneno matatu yapasa kushikwa kila moja mahali pake: kusoma jenomu, kupima miti, kubashiri uzao. La kwanza limekwisha kufanywa, na ni mali ya wote. La tatu halina thamani bila la pili. Na la pili ndilo la zamani kuliko yote, kazi ya mtu mwenye kamba ya kupimia na daftari, apitaye safu kwa safu akiandika.