Kujifunga kwa Windows Explorer katika Tarakilishi Kuukuu: Chanzo, Utambuzi na Tiba

Windows Explorer ni programu inayomwezesha mtumiaji wa tarakilishi kuona, kufungua, kunakili, kuhamisha na kufuta faili zake. Ilianza kutumika katika Windows 95, toleo lililotolewa Agosti 1995, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 huitwa File Explorer. Wengi hudhani kazi yake huishia hapo. Kwa hakika, programu hiyo hiyo ndiyo inayochora eneokazi lenye aikoni na ule ukanda wa chini wenye kitufe cha Start na saa. Ndiyo sababu inapojifunga ghafla mtumiaji haoni tu dirisha la makabrasha likitoweka; aikoni zote huondoka, ukanda wa chini hupotea, kioo hubaki kitupu, kisha baada ya sekunde chache vyote hurudi kana kwamba hapakuwa na lolote. Akilifungua tena kabrasha lile lile, kisa huwa kile kile.

Hitilafu hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Wengi wao katika maeneo ya Kitale na Bungoma hutumia tarakilishi za mitumba, au zile zilizopokezanwa kutoka kwa ndugu hadi ndugu, na ndani ya mashine hizo huweka data isiyoweza kukusanywa upya kwa urahisi. Tuchukue mfano wa fasihi simulizi. Tohara ya Wabukusu hufanywa kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawika kwa mbili. Mtafiti aliyezirekodi nyimbo za tohara Agosti 2022 kisha akapoteza faili zake alilazimika kungoja hadi Agosti 2024. Ama aliyemrekodi mzee akisimulia historia ya ukoo, na mzee huyo akafariki, huyo hana mwaka wa kungojea.

Kwa bahati mbaya, tiba ya kwanza inayotolewa na mafundi wengi wa mijini ni kufomati, yaani kufuta kila kilichomo katika diski na kuiweka Windows upya. Tiba hiyo ni ya haraka, humpa fundi ujira wa uhakika, na mara nyingi huondoa hitilafu. Lakini ni sawa na kumkata mguu mtu aliyechomwa na mwiba. Katika visa vingi kinachohitajika ni kumtafuta mkosaji mmoja tu ndani ya mashine, na mkosaji huyo aghalabu si Explorer yenyewe.

Utafutaji huo huanza na lugha. Mteja afikapo kwa fundi husema kwamba mashine “imegoma”, “imekatalia” au “imehangi”, na maneno hayo matatu hubebeshwa hitilafu tofauti kabisa. Yafaa zitenganishwe. Kukwama ni pale dirisha linapobaki kiooni lakini haliitikii kipanya wala kibodi. Hapa mara nyingi kumbukumbu imejaa, au diski inasomwa kwa shida. Kujifunga ni pale programu moja inapotoweka ilhali nyingine zinaendelea. Hapa ipo hitilafu ndani ya programu hiyo au katika kitu ilichokipokea. Kuzimika ni pale mashine nzima inapokata au kujiwasha upya, na hapo lawama huelekea kwenye umeme, joto au vifaa. Neno “kuanguka”, ambalo baadhi ya wafasiri hulitumia kwa kufuata Kiingereza, halimsaidii fundi hata kidogo, kwa kuwa halionyeshi ni kipi kati ya vitatu hivyo kilichotokea. Makala haya yanahusu kujifunga.

Explorer inaweza kulinganishwa na nyumba isiyobagua wageni. Programu nyingi zinapowekwa katika tarakilishi huingiza vipande vya msimbo ndani ya Explorer, vipande ambavyo hapa tutaviita viendelezi. Mtumiaji anapobofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuona chaguo la kubana faili au kukagua virusi, anachokiona ni kazi ya viendelezi hivyo. Kuna vingine vya kuonyesha vijipicha vya video, vya kusoma kurasa za PDF, na vya kuweka alama juu ya aikoni. Vyote hufanya kazi ndani ya mchakato mmoja na Explorer. Kimoja kikikosea, mwenye nyumba huanguka pamoja na mgeni. Tarakilishi kuukuu huwa na wageni wengi waliosahaulika: kingavirusi ambayo muda wake ulikwisha zamani, programu ya simu isiyotumiwa tena, kodeki zilizowekwa na mmiliki wa kwanza.

Kisa kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni kile cha video. Mtafiti anarekodi kwa simu. Betri inaisha kabla hajabonyeza kitufe cha kusimamisha. Faili inabaki bila kukamilika. Anaihamishia katika tarakilishi pamoja na nyingine hamsini. Tangu hapo, kila alifunguapo kabrasha hilo, Explorer hujaribu kutengeneza kijipicha cha kila video. Ikiifikia ile mbovu, kodeki inayoisoma hupotea njia, na Explorer hujifunga kabla mtumiaji hajabofya chochote. Mtumiaji huona ajabu: makabrasha mengine yote yanafunguka, ila lile la utafiti tu. Wapo wanaokata tamaa wakidhani kabrasha zima limeharibika, ilhali zile nyingine hamsini zi salama. Tiba ni kuingia katika machaguo ya makabrasha, kwenye kichupo cha View, na kuweka alama penye agizo la kuonyesha aikoni daima wala si vijipicha. Katika Windows XP, ambako faili za video zenye tamati ya avi zilisifika kwa kuleta balaa hili, amri regsvr32 /u shmedia.dll iliyoandikwa katika kisanduku cha Run huizuia Explorer kuzichungulia faili za video. Kabrasha likishafunguka, faili mbovu huhamishiwa kando. Huenda sehemu yake ikaokolewa baadaye kwa programu ya video.

Chanzo cha pili ni virusi vinavyosafiri kwa flashi. Mwanafunzi wa Bungoma huchapisha kazi yake katika duka la kutoa nakala, na flashi yake huchomekwa katika mashine iliyokwisha kupokea flashi za mji mzima. Virusi mashuhuri vya aina hii huyaficha makabrasha na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mtumiaji akizibofya, huviamsha virusi. Februari 2011 Microsoft ilitoa sasisho la kuzuia flashi zisijiendeshe zenyewe katika Windows XP na Vista, lakini mashine isiyowahi kusasishwa haikufaidika. Hatari zaidi ilikuwa ile iliyofichuliwa mwaka 2010, pale virusi vya Stuxnet vilipotumia kasoro ya Windows katika kuonyesha aikoni za njia za mkato: mtumiaji alihitaji kulitazama kabrasha tu, bila kubofya. Kasoro hiyo ilizibwa Agosti mwaka huo huo. Kwa aliyefichiwa makabrasha, amri attrib -h -r -s /s /d F:\*.* huyarudisha, iwapo F ndiyo herufi ya flashi. Amri hiyo hufichua tu. Virusi vyenyewe sharti viondolewe kwa kingavirusi, la sivyo siku ya pili hali hurudi pale pale.

Chanzo cha tatu ni diski na umeme. Umeme ukikatika wakati Windows inaandika katika diski, faili za mfumo zinaweza kubaki nusu. Kipakatalishi ambacho betri yake imekufa hakina kinga yoyote dhidi ya jambo hilo, na misimu ya mvua na radi katika kanda ya magharibi haina huruma. Diski iliyozeeka nayo hupata sehemu zisizosomeka. Explorer ikizifikia, hukwama kwanza, kisha hujifunga. Mlio wa kugonga-gonga kutoka ndani ya mashine ni dalili mbaya. Amri wmic diskdrive get status hutoa jibu OK au Pred Fail. Jibu la pili lina maana kwamba diski inakaribia kufa. Jibu la kwanza lisichukuliwe kuwa hati ya afya.

Basi mtu aanzie wapi? Aanze kwa kuokoa data, wala si kwa kutengeneza. Hapa kuna njia isiyojulikana na wengi: faili zinaweza kunakiliwa bila Explorer kuhusika. Katika dirisha la amri, yaani programu ya cmd, hakuna vijipicha wala viendelezi. Katika Windows Vista na yaliyofuata, amri robocopy C:\Utafiti E:\Utafiti /E /R:1 /W:1 hunakili kabrasha la Utafiti pamoja na yote yaliyomo hadi katika diski ya nje yenye herufi E. Vipande viwili vya mwisho visiachwe: bila hivyo, amri hiyo ikikutana na faili isiyosomeka hurudia mara milioni moja, ikipumzika sekunde thelathini kila mara. Katika XP, ambayo haikuja na robocopy, hutumiwa xcopy C:\Utafiti E:\Utafiti /E /C /H. Ikiwa ukanda wa chini umetoweka na haurudi, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja huleta Task Manager, na kutoka huko cmd au explorer.exe huweza kuanzishwa upya.

Baada ya data kuwa salama, ndipo uchunguzi huanza. Windows huandika kumbukumbu ya kila programu inayojifunga, na kumbukumbu hiyo husomwa kwa kuandika eventvwr.msc katika kisanduku cha Run. Katika orodha ya programu hutafutwa ingizo lenye namba 1000 linalotaja explorer.exe. Chini yake pana jina la moduli iliyokosea, na jina hilo mara nyingi humfichua mgeni: huenda likawa la kodeki, la printa au la kingavirusi. Tahadhari inahitajika. Ingizo likitaja ntdll.dll, isidhaniwe kwamba faili hiyo ya Windows ndiyo mbovu. Hapo ndipo maiti ilipokutwa tu, si lazima mauaji yawe yalifanyika hapo.

Iwapo jina halitoshi, mashine huwashwa katika hali salama, ambamo vitu vya lazima tu ndivyo huanzishwa. Katika XP, Vista na Windows 7 hubonyezwa F8 wakati wa kuwaka. Katika Windows 8 na 10 kitufe cha Shift hushikiliwa huku mtumiaji akichagua kuwasha upya. Explorer ikitulia katika hali hiyo, lawama huhamia kwa programu zilizoongezwa. Programu ya bure iitwayo ShellExView huorodhesha viendelezi vyote na kupaka rangi vile visivyo vya Microsoft. Vyote vyenye rangi huzimwa. Hitilafu ikikoma, nusu yake huwashwa tena, kisha nusu ya nusu, hadi mkosaji ajulikane. Kazi hiyo huchukua takriban saa moja, na haifuti faili hata moja. Hitilafu ikiendelea hata katika hali salama, amri sfc /scannow, itolewayo kwa mamlaka ya msimamizi, hukagua faili za mfumo na kuzirejesha zilizoharibika. XP huenda ikadai diski yake ya usakinishaji. Mwisho kabisa huja chkdsk C: /r, ambayo huisoma diski nzima. Huweza kuchukua saa nyingi na kuichosha diski iliyo mahututi, kwa hiyo isitolewe kabla ya kunakili.

Jambo moja hutatiza hatua hizi zote, nalo ni kwamba maelezo ya hitilafu huwa kwa Kiingereza cha kiufundi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na katika miaka iliyofuata Microsoft nayo ilitoa bila malipo kifurushi cha Kiswahili cha Windows. Kifurushi hicho kiliwekwa juu ya toleo la lugha nyingine, na sehemu zisizotafsiriwa zilibaki katika lugha hiyo. Matokeo ni kwamba msamiati wa kutumia tarakilishi iliyo nzima tunao, kuanzia kabrasha hadi kipanya, ilhali ule wa kuieleza iliyougua ni haba. Hapo pana kazi kwa mwanafunzi wa istilahi atafutaye mada ya tasnifu, na data yake imejaa katika meza za mafundi wa Kitale.

Mashine ikishapona, lisisahaulike suala la umri. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tarakilishi yenye matoleo hayo bado huweza kutumiwa kuandikia tasnifu na kunukuu rekodi, hasa ikitengwa na intaneti na kila flashi ikikaguliwa kabla ya kufunguliwa. Rekodi zenyewe zisikae humo peke yake. Nakala moja iwe katika diski ya nje, na nyingine katika nyumba tofauti, kwa kuwa radi ikipiga, kila kilichochomekwa ukutani huweza kuungua kwa pamoja.