Jina la Bingwa si Dhamana

Wahenga wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo tumeurithi tangu zama za majahazi na mizani ya mawe, lakini hapana budi tuutafakari upya leo, maadamu soko la vyombo vya elektroniki limepata mtembezaji mpya. Mtembezaji huyo ni jina la mtu mashuhuri lililobandikwa juu ya sanduku.

Hivi karibuni mwandishi wa safu hii alikuwa Tandika, wilayani Temeke, katika kibanda cha fundi wa kompyuta. Aliyekuwa amekaa mbele ya fundi ni kijana wa kutoka Pemba. Alikuwa amepakata ubao mkuu wa kompyuta, ule ambao mafundi wetu huuita mazabodi, pamoja na sanduku lake lenye picha ya bingwa wa michezo ya kompyuta. Kijana huyo ana kibanda cha gemu kwao, na kibanda hicho ndicho kinachomlisha yeye, mama yake na wadogo zake wawili. Aliununua ubao ule kwa akiba ya mwaka mzima. Miezi minne haikutimia, ukazima.

Fundi aliugeuza, akaonyesha kwa ncha ya bisibisi vijidude vitatu vya mviringo vilivyovimba vichwa kama maandazi. Hizo ni kapasita, ambazo kazi yake ni kutuliza umeme kabla haujaufikia ubongo wa kompyuta. Zikivimba, chombo hakina uhai. Kijana alikwisha kurudi dukani, akaonyeshwa maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akauliza, kwa unyonge, swali lililotusukuma kuandika makala haya: "Mzee wangu, sasa jina lile la bingwa lilikuwa la nini?"

Swali hilo lina historia, na inafaa tuieleze.

Mtu wa kwanza kulifanya jina la mchezaji kuwa alama ya biashara ya vifaa vya kompyuta kwa kiwango kikubwa ni Mmarekani Johnathan Wendel, aliyezaliwa mwaka 1981 na kujulikana michezoni kwa jina la Fatal1ty. Mwaka 1999 alikwenda kushindana Dallas, akashika nafasi ya tatu na kupata dola 4,000. Mwezi Novemba 2005 alishinda fainali mjini New York na kutia kibindoni dola 150,000. Hatumbezi hata kidogo. Alitoa jasho lake, akawathibitishia wazee waliokuwa na shaka kwamba hata mchezo unaweza kuwa kazi.

Kabla ya ushindi huo wa New York, jina lake lilikwisha kuwa bidhaa. Mwaka 2004 kampuni ya ABIT ya Taiwan ilianza kutoa mazabodi zenye jina la Fatal1ty. ABIT haikuwa kampuni ya kubahatisha. Ilianzishwa mwaka 1989, na mafundi wengi duniani waliipenda kwa kuwa mbao zake zilimwezesha mtu kuongeza mwendo wa kompyuta kwa kubadili tarakimu tu kwenye kioo, bila ya kufungua kitu. Ubao wake wa BP6, wa mwaka 1999, uliwawezesha watu wa kipato cha wastani kutumia prosesa mbili za bei nafuu kwa wakati mmoja. Sifa hiyo haikuletwa na picha ya mtu yeyote. Ililetwa na kazi.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilienea katika viwanda vingi, na ABIT ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizoathirika. Mbao zikavimba na kuvuja, na wateja wa Marekani wakaifikisha mahakamani. Baadaye ikaandamwa na matatizo ya fedha. Kwa hiyo jina la bingwa lilipowekwa juu ya masanduku, nyumba yenyewe ilikwisha kuingia nyufa. Mwaka 2006 biashara ya mazabodi iliuzwa kwa kampuni nyingine, na ilipofika tarehe 31 Desemba 2008, ABIT ikafunga milango.

Jina la Fatal1ty, hata hivyo, halikufa. Lilihamia ASRock, kampuni nyingine ya Taiwan iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo wakati huo ilijulikana zaidi kwa vitu vya bei nafuu. Mwaka 2011 mbao za ASRock zenye jina hilo ziliingia sokoni. Kwa insafu tuseme kwamba hazikuwa rangi na picha tu; ziliwekewa hata tundu la kipanya lililotengenezwa kwa ajili ya wachezaji. Sifa ya ASRock ikapanda, na ilipofika mwaka 2018 kampuni ikaanza kutumia alama yake yenyewe ya Phantom Gaming.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili. Jina lilikuwa moja, lakini viwanda vilikuwa viwili tofauti, mafundi tofauti, na hatima tofauti. Kiwanda kimoja kilikufa nalo, cha pili kikainuka nalo. Ni dhahiri basi kwamba jina la bingwa halikuwa ushahidi wa ubora wa chombo, bali lilikuwa vazi lililokodiwa. Na nguo ya kuazima haisitiri.

Sisi watu wa pwani hatukupaswa kufundishwa somo hili na Taiwan. Bibi zetu walipokwenda kununua kanga waliitafuta alama ya "Mali ya Abdulla", yaani kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887. Lakini waliisha kuiona alama, waliishika nguo kwa vidole, wakaitazama rangi, wakauliza kama haichuji. Alama ilidumu kwa sababu kila doti iliyofuliwa iliitolea ushahidi. Siku hizi, hata hapa kwetu, majina ya wasanii yameingia madukani. Mwaka 2017 Diamond Platnumz alitoa karanga na manukato kwa jina lake. Hakuna ubaya. Ila karanga mlaji huijua ladha yake siku ile ile. Mazabodi huficha aibu yake kwa miezi.

Tena sisi wa visiwani tuna mtihani wetu. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula shaba. Umeme unaopanda na kushuka huzichosha kapasita. Na anayenunua Dar es Salaam akavuka bahari, kila malalamiko yake yana nauli ya boti. Mkazi wa Manzese au Mwananyamala akipunjwa hupanda daladala akarudi kudai haki. Wa Wete au Mkoani hukaa na hasara yake.

Tufanye nini basi? Kwanza, mnunuzi aulize mambo matatu kabla ya kutazama picha: dhamana ni ya muda gani na imeandikwa wapi, fundi gani ataitengeneza ikiharibika, na je, wengine waliokwisha kuitumia mwaka mzima wanasemaje? Risiti aitunze kama hati ya shamba. Na asinunue mazabodi bila ya kinga ya umeme.

Pili, wenye maduka wajue kwamba maneno ya kukataa kurudishiwa mali hayafuti haki ya aliyeuziwa kitu kibovu. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imekuwa ikilikumbusha jambo hilo. Zanzibar nayo ina tume yake. Tunashauri tume hizi mbili ziweke utaratibu mmoja, ili Mpemba aliyepunjwa Bara aweze kupeleka shauri lake Chake Chake, na likasikilizwa ng'ambo bila ya yeye kupanda boti.

Tatu, tunawageukia watumishi wa Serikali. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima, kwa sababu kila simu ina namba yake ya utambulisho na mwananchi aliweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi. Mazabodi haina ulinzi wa namna hiyo. Kwa hiyo ukaguzi wa TBS na wa Taasisi ya Viwango Zanzibar, huko bandarini, ndio ngome ya mnyonge. Aidha, ofisi inapoagiza kompyuta za skuli au hospitali, iandike uwezo unaotakiwa, muda wa dhamana na masharti ya matengenezo, wala isiandike jina linalovuma. Fedha ya umma haina ruhusa ya kushabikia bingwa.

Na yule kijana? Fundi wa Tandika alizing'oa zile kapasita tatu, akatia nyingine, akauwasha ubao. Ukawaka. Hakumwahidi miaka; alimwambia tu kwamba ukizima tena ndani ya miezi mitatu autume kwa mtu yeyote anayepanda boti, naye atautengeneza bure. Kisha akaandika ahadi hiyo kwenye kipande cha karatasi na kutia sahihi.

Kijana aliikunja karatasi ile, akaitia mfukoni. Sanduku la bingwa aliliacha pale pale juu ya meza.